Katikati ya Nini?

Mjomba wangu ni fundi wa motokari katika komuni ya Katuba, hapa Lubumbashi. Garaji yake ni uwanja wenye mwembe mmoja, shimo la kuingilia chini ya motokari, na kontena la zamani ambamo vyombo vinalala usiku. Hajawahi kuona Corvette hata moja kwa macho yake. Hata hivyo mwaka 2019, kuanzia Julai hadi Desemba, yeye na mtoto wake wa kwanza walibishana juu ya Corvette karibu kila wiki, na mimi nilikuwa katikati yao nikishika simu.

Nasimulia mabishano hayo hapa kwa sababu mbili. Kwanza, yalinifundisha jambo juu ya maneno ya mahali kabla sijaingia kitivo hiki, na mpaka leo nikisikia somo la semantiki ninaona mwembe ule. Pili, siku moja katika kutafsiri nilificha maneno ya mtu, na jambo hilo sijawahi kuliandika popote.

Mtoto huyo wa mjomba mimi namwita Yaya, ingawa hatujawahi kuonana. Mwaka 1996, vita vilipofika Fizi, mjomba alikuwa tayari amekuja huku kutafuta kazi. Mke wake alivuka ziwa Tanganyika na mtoto wa miaka sita, wakafika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Mama huyo alifia kule. Yaya alikulia kambini, akasoma kambini, akaoa kambini, na mwaka 2016 yeye na familia yake wakapelekwa Marekani, katika mji wa Bowling Green, jimbo la Kentucky. Wasomaji wengine wa gazeti hili wana ndugu katika mji huo. Wakongomani ni wengi pale, na Kiswahili kinasikika madukani na makanisani. Wachache labda wanajua kwamba mji huo huo ndio unaotengeneza Corvette zote za dunia tangu mwaka 1981, na kwamba una makumbusho ya motokari hiyo moja tu. Mwaka 2014 ardhi chini ya makumbusho ilibomoka alfajiri na kumeza Corvette nane. Yaya alipomweleza mjomba habari hiyo, mjomba aliuliza kama walikuwa wanachimba shaba.

Baba na mtoto walipatana kwa simu baada ya zaidi ya miaka ishirini, na baada ya kupatana walikosa la kusema. Mmekula? Tumekula. Watoto? Wazima. Mungu ni mwema. Dakika nne, basi. Mtu uliyemwacha ana miaka sita, sasa ana ndevu na watoto watatu, utamuuliza nini? Mjomba alikuwa na simu ndogo isiyo na intaneti, kwa hiyo ujumbe wa Yaya ulikuja kwangu, nami nilikuwa nanunua mega na kuupeleka garajini jioni. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza mtihani wa serikali, nasubiri matokeo, sina kazi nyingine.

Tarehe 18 Julai 2019, huko Tustin, California, kampuni ya Chevrolet ilifunua Corvette ya kizazi cha nane. Kesho yake Yaya alituma sauti ya dakika tatu. Bado ninayo.

“Baba, shikamoo,” alianza. Salamu hiyo haitembei hapa Lubumbashi. Mjomba alinyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, halafu akaijibu simu “marahaba”, ingawa sauti ilikuwa imerekodiwa na hakuna aliyekuwa akimsikia. “Leo mji mzima una neno moja. Corvette mpya imetoka. Injini wameitoa mbele, wameiweka katikati. Na klachi hakuna. Wazee hapa wamekasirika sana.”

Mjomba aliniangalia. “Mama, klachi ni nini?”

Huyu ni mtu aliyefungua na kufunga klachi kwa miaka thelathini. Ila yeye anaiita ambreyaji. Vilevile anasema moteri, vitesi, freni, vola, kapo. Mtoto wake anasema injini, gia, breki, usukani, boneti. Mmoja alijifunza motokari katika Kiswahili kilicholala nyumba moja na Kifaransa, mwingine katika Kiswahili kilicholala nyumba moja na Kiingereza. Chuma ni kile kile, mara nyingi kimetoka Japani. Juu ya Mungu, chakula na magonjwa walielewana vizuri. Wakifika chini ya kapo walihitaji mkalimani, na mkalimani alikuwa msichana ambaye hajui kubadili hata plagi.

(Miaka miwili baadaye niliandika “vitesi” katika kazi ya darasani, nikarudishiwa karatasi yenye “gia” kwa wino mwekundu. Nilikubali, maana alama zilihitajika. Ningependa tu kukutana na mtu ambaye, hapa Lubumbashi, amewahi kumwambia dereva wa teksi abadili gia.)

Baada ya klachi tulifika kwenye neno ambalo lilituchukua wiki mbili. Mjomba aliuliza: “Moteri iko mu katikati. Katikati ya nini?”

Kwake moteri ya katikati si jambo geni. Kila mtu aliyewahi kukaa mbele katika Hiace kutoka Katuba hadi mjini anajua kwamba moteri iko chini ya viti, na mwezi wa Oktoba joto lake linapanda hadi mgongoni. “Basi Wamarekani wameiga Hiace,” alisema, akacheka mpaka wasaidizi wake wakatoka shimoni kuuliza kuna nini. Nikarekodi, nikatuma. Yaya akajibu: hapana baba, si chini ya kiti, ni nyuma ya mgongo wa dereva, ukigeuza kichwa unaona kioo, na nyuma ya kioo ndiyo injini. Mjomba akasema hiyo basi ni nyuma, kama Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa kobe, kwa nini wanasema katikati?

Hapo nikalazimika kusoma, na nilichokisoma ni hiki. Mafundi hawapimi kwa dereva, wanapima kwa magurudumu. Chora mstari unaopita kwenye magurudumu ya mbele, na mwingine unaopita kwenye magurudumu ya nyuma. Uzito wa injini ukikaa kati ya mistari hiyo, iko katikati. Ile Volkswagen injini yake inaning’inia nje ya mstari wa nyuma, kwa hiyo iko nyuma kweli. Corvette mpya injini yake iko nyuma ya dereva lakini mbele ya mstari wa nyuma. Wenzetu wa Kifaransa wanasema moteur central arrière, yaani wamejumlisha nguzo zote mbili, ya magurudumu na ya mtu, wakamaliza ugomvi. Lakini ugomvi haukuisha kwa wapenzi wa Corvette wenyewe, maana vizazi vya karibu vya motokari hiyo, vile vyenye injini mbele, vilikuwa vimeisukuma injini hadi nyuma ya mstari wa magurudumu ya mbele. Hivyo wako waliosema: imekuwa katikati tangu zamani, mnashangaa nini?

Mbele, nyuma, katikati: maneno haya hayasemi kitu mpaka yapewe nguzo. Tunafundishwa hivyo, na Kiswahili kinatukumbusha chenyewe kwa kudai “ya” baada ya “katikati”. Mjomba hakusoma semantiki, lakini swali lake lilikuwa sahihi kuliko jibu la wengi waliokuwa wakipiga kelele Kentucky.

Kuhusu sababu ya kuihamisha injini, yeye hakuhitaji mkalimani. Motokari ya namna hiyo inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Tadge Juechter, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Corvette, alieleza kwamba injini ya mbele ilikuwa imefika mwisho wake: ukiongeza nguvu, mipira inazunguka bure. Corvette ya mwisho kali ya injini ya mbele, ZR1, ilikuwa na nguvu za farasi 755, na nguvu hizo zote zilitegemea mipira miwili ya nyuma ambayo haikukaliwa na uzito wa kutosha. Mjomba alisema ndiyo, ni kama pikapu tupu kwenye tope. Ukiweka magunia manne ya mahindi juu ya magurudumu ya nyuma, inatoka. Injini ya Corvette mpya ndiyo magunia yenyewe.

Alipenda pia habari ya mzee aliyeota jambo hilo kabla ya wote. Zora Arkus-Duntov alizaliwa Brussels mwaka 1909, wazazi wake Warusi. Aliingia General Motors mwaka 1953, mwaka ule ule Corvette ya kwanza ilipotengenezwa, na kwa miaka mingi aliomba injini iende katikati. Alijenga motokari za majaribio, ya kwanza mwaka 1960, akakataliwa, akajenga nyingine, akastaafu mwaka 1975 bila kuipata. Alikufa mwaka 1996. Majivu yake yamehifadhiwa katika makumbusho ya Bowling Green. Niliposoma mwaka huo wa kufa, mjomba alisema tu, “Mwaka ule,” akarudi shimoni.

Mwishoni mwa Agosti msafara mkubwa wa Corvette uliingia Bowling Green, maelfu ya motokari kutoka majimbo yote, kwa sikukuu ya miaka 25 ya makumbusho. Yaya, ambaye anafanya kazi za usiku katika kiwanda kingine kabisa, alikwenda mchana na simu yake ili amletee baba maoni ya watu. Siku ile nilipokea sauti kumi na moja. Nilizisikiliza usiku nikiwa na daftari, na nafikiri hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya uwanjani, ingawa sikujua jina lake.

Jambo la kwanza lililonishangaza: hakuna aliyebishana juu ya hesabu. Wote walikubali kwamba injini ni V8 ya lita 6.2, kwamba inafika nguvu za farasi 495, kwamba kutoka kusimama hadi kilomita 97 kwa saa haitimizi sekunde tatu, na kwamba bei inaanzia chini ya dola 60,000. Walikubali yote hayo, kisha mmoja akasema ni Corvette bora kuliko zote na mwingine akasema si Corvette.

Mwenye neno zito alikuwa mzee anayefanya kazi na Yaya, Mmarekani mwenye Corvette ya mwaka 1994 ya vitesi sita. Yaya alitafsiri maneno yake hivi: ni gari zuri sana, Mungu awabariki, lakini si Corvette. Alitaka pua ndefu mbele yake. Alitaka mkono wa gia na kanyagio la tatu. Hii mpya inabadili vitesi vyake nane yenyewe, kwa ambreyaji mbili zinazopokezana ndani, na dereva akitaka kuamuru anabonyeza vidude viwili nyuma ya vola. Tena ina ukuta wa vitufe kati ya dereva na abiria, kama ua kati ya majirani waliokosana. Tena ukiitazama kwa mbali ni Ferrari. Kwa nini mtu wa Kentucky avae koti la Mwitaliano?

Kijana mmoja wa kiwandani alisema kinyume chake: kwa mara ya kwanza motokari ya mji wake inaweza kusimama pembeni mwa Ferrari bila aibu, na wazee wanataka tu ibaki kuwa motokari ya wazee. Jirani wa Yaya, Mbosnia (mji ule ulipokea Wabosnia wengi waliokimbia vita vyao kabla yetu sisi), alisema yeye anaona bei. Wataliano wanauza injini ya nyuma ya mgongo kwa zaidi ya mara nne ya bei hii. Corvette, kwake, ni motokari ya kasi ambayo mtu wa mshahara anaweza kuiota bila kuchekwa. Maadamu bei ni hiyo, waiweke injini hata juu ya paa. Mwingine alisikiliza mngurumo wake, akasema V8 ile ya vali zinazosukumwa kwa vijiti bado imo, basi damu ni ile ile. Na mama mmoja aliuliza kama mizigo inaingia. Inaingia: kuna kofri mbili, mbele na nyuma, na ile ya nyuma inameza mifuko miwili ya golfu. Mama huyo aliridhika. Nadhani ndiye peke yake aliyeuliza swali lenye jibu.

Yaya alikuwa amesoma kidogo, akamkumbusha mzee kwamba Corvette za kwanza kabisa, za 1953 na 1954, hazikuwa na V8 wala ambreyaji. Zilikuwa na silinda sita na otomatiki ya vitesi viwili. V8 ilikuja mwaka 1955. Na mwaka 1982 ziliuzwa za otomatiki tu. Kwa mtihani wa mzee, Corvette ya kwanza inaanguka. Mzee akajibu bila kufikiri: “Hizo zilikuwa bado hazijawa Corvette.”

Mwaka wangu wa kwanza hapa kitivoni, mwalimu alitusomea mfano wa Saussure wa treni ya Geneva hadi Paris. Treni ya leo na ya kesho zinaondoka saa ile ile. Tunasema ni treni ile ile, ingawa injini, mabehewa na wafanyakazi huenda ni vingine vyote. Kinachoifanya iwe ile ile ni nafasi yake kati ya treni nyingine. Nilicheka kwa sauti darasani, nikaombwa nieleze, nikashindwa. Nilikuwa nawaza yule Mbosnia. Yeye ni mfuasi wa Saussure bila kujua: Corvette ni chochote kinachokaa mahali pale, cha Marekani, chenye kasi, chini ya bei ya Wataliano. Mzee wa 1994 angefeli somo hilo.

Lakini kila nikilirudia somo, naona mzee hakushindwa. Saussure aliitazama treni kama abiria anayeangalia ratiba. Kwa mtu anayeiendesha, je, ni treni ile ile? Yeye anajua mkono gani ni mzito na freni ipi inachelewa. Mzee alikuwa anazungumza kutoka kwenye kiti cha dereva, na jina Corvette kwake lilikuwa jina la kitu ambacho mguu wake wa kushoto na mkono wake wa kulia vilikuwa vikikifanya kwa miaka ishirini na mitano. Wakikuondolea kazi hiyo wakakuachia jina, utasema nini? Nasikia sauti hiyo hiyo hapa kwetu watu wanapobishana kama Kiswahili cha Lubumbashi ni Kiswahili. Anayekitazama kutoka nje anahesabu ngeli zilizopotea. Anayekiongea garajini hana habari kwamba kuna kilichopotea.

Mjomba alikuwa upande wa mzee, na zaidi ya mzee. Nusu ya kazi yake siku hizi ni Toyota za otomatiki zinazoingia kutoka Japani, na anazitengeneza akinung’unika. Jioni moja mwanzoni mwa Septemba alinishika mkono wenye simu, akaongea: “Otomatiki haiombi mtu kitu. Yule anayeiongoza ni abiria anayeshika vola. Mwanaume asiyejua ambreyaji bado ni mtoto, hata awe na mvi.” Wasaidizi wakapiga makofi. Nikatafsiri ambreyaji kuwa klachi, nikatuma.

Yaya hakujibu. Tarehe 16 Septemba wafanyakazi wa General Motors waligoma, na mgomo ukadumu siku 40. Kiwanda cha Corvette kilifungwa nao, na motokari mpya ikachelewa. Nilimwambia mjomba labda mji umevurugika. Sauti ilikuja mwezi wa Oktoba, ya chini, ya mtu aliyetoka kazini alfajiri. Alieleza mgomo, moto wanaouota wagomaji mlangoni, wateja waliokwisha kulipa amana na sasa wanasubiri. Halafu, mwishoni:

“Dada, hii ni ya baba, lakini uangalie mwenyewe. Mimi sijui klachi. Kambini nani alikuwa na gari la kunifundishia? Hapa nilifanya mtihani kwa otomatiki, kila mtu anafanya hivyo. Mzee akiongea mambo ya gia, mimi nasikiliza tu na kuwaletea. Baba ni fundi, ndiyo maana niliongea kama fundi.”

Nilikuwa nimeisikiliza njiani, ndani ya taxi-bus. Garajini nilimchezea mjomba sehemu ya mgomo na kidole changu kikasimamisha sauti kabla ya neno “Dada”. Akauliza: “Imeisha?” Nikasema imeisha.

Sasa tunasoma tafsiri, tunaandika kurasa juu ya uaminifu wa mfasiri, na mimi huandika vizuri tu. Siku ile niliona mambo mawili kwa pamoja: kwamba mjomba, mbele ya wasaidizi wake, amemwita mtoto wake mtoto, na kwamba swali “nani alikuwa na gari la kunifundishia” lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limekaa mbele yangu juu ya mpira wa lori likinywa chai. Sikutaka alisikie kutoka mkononi mwangu. Yaya alikuwa ameniachia niamue, nami niliamua kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango kwa sababu ya upepo.

Katikati ya Novemba Corvette ya mwisho yenye injini mbele ilitoka kiwandani, na mjomba akataka kusikia sauti zote tena, tangu ile ya Julai. Nikamwachia simu, nikaenda kununua mkate. Nilipogeuka kwenye kona nilimwona amekaa peke yake, simu iko sikioni, wasaidizi wamepewa kazi mbali. Alama za mafuta ya moteri zilikuwa kwenye kioo chote.

“Siku ile ulisema imeisha.”

“Ndiyo, mjomba.”

“Haikuisha.”

Hakunigombeza. Alisema, “Bonyeza,” nikabonyeza, akaongea dakika saba. Sijawahi kuzitumia katika kazi yoyote ya kitivo, ingawa mara mbili nimehitaji mfano wa lugha ya maelekezo. Hakusalimia. Alisema: mwanangu, kaa vizuri, kiti kisogee mpaka goti likunjike kidogo. Mguu wa kushoto ndio wenye kazi, wa kulia ni msaidizi. Kanyaga klachi yote, usiibakize. Weka gia ya kwanza. Sasa achia polepole, na usisikilize kwa sikio, sikiliza kwa matako. Motokari itatetemeka kidogo chini yako, hapo ndipo imekushika, hapo usimame uhesabu moja, mbili, ndipo uachie iliyobaki. Usiutazame mkono wa gia, hautakimbia. Kwenye mlima, freni ya mkono kwanza. Ikizima, si dhambi, washa tena.

Alisema klachi dakika zote saba. Alisema gia. Mimi sikumwambia afanye hivyo, na neno hilo sikuwahi kumfundisha zaidi ya siku ile ya kwanza. “Motokari” na “freni” zilimtoroka, nazo nimeziacha zilivyo.

Nitangulie kidogo ili nimalize habari ya motokari yenyewe. Corvette mpya zilianza kutengenezwa Februari 2020, gazeti la Motor Trend likiwa limekwisha kuichagua kuwa motokari ya mwaka. Mzee wa 1994 alikwenda kukaa ndani ya mojawapo. Alisema kiti ni kizuri na haimuumizi magoti alivyodhani. Hakununua. Mjomba alipopewa habari hiyo alitikisa kichwa kwa heshima, kama tunavyofanya kwa mtu aliyekataa rushwa.

Lakini kabla ya hapo, siku chache kabla ya Noeli ya 2019, ilikuja sauti ya dakika mbili isiyo na salamu. Ni uwanja wa maegesho wa kanisa fulani, siku ya baridi, na Corvette ya mzee. Inasikika moteri inawaka, V8, sauti nene. Inasikika inanguruma zaidi, halafu kishindo, halafu kimya. Mzee anasema kitu kwa Kiingereza. Inawaka tena, kishindo, kimya. Mara ya tatu Yaya anacheka, na mzee anacheka.

Mjomba aliirudisha mwanzo. Alifumba macho, kichwa kimeinama upande, namna anavyosikiliza moteri ya mteja.

“Anaachia haraka,” alisema. “Weka tena.”